Sura ya Nne: Kutoka Kikatiti hadi Mnara wa Saa

Vitabu vingi vya kuwaongoza wageni Arusha huanzia Mnara wa Saa na kuishia hapo hapo. Sura hii inaanzia Kikatiti, kilomita thelathini na kitu mashariki ya mji, kwenye barabara kuu ya Moshi, kwa sababu majengo ya kale ya mjini hayaeleweki bila watu wa vijiji hivi. Waliosimamisha kuta za kwanza walitoka mlimani. Ardhi iliyoulisha mji kwa kodi, kahawa na mazao ya sokoni ilikuwa yao. Na ardhi hiyo ilipochukuliwa, waliokwenda kuidai walikuwa babu na bibi za watu wanaosubiri gari kando ya lami hii leo.

Asubuhi isiyo na mawingu, ukiwa Kikatiti unauona Mlima Meru upande wa kaskazini-magharibi na Kilimanjaro upande wa kaskazini-mashariki. Hapa ndipo mlima unapokutana na tambarare: ndizi, kahawa na maharage ya juu, mahindi na mifugo ya chini. Akina mama hushusha mikungu ya ndizi na ndoo za nyanya kando ya lami, makondakta wa Hiace na Noah wanaita abiria wa Usa River na wa mjini, bodaboda zinawapandisha watu kuelekea Sakila. Mtalii aliyeshuka uwanja wa ndege wa KIA hupita hapa akiwa na haraka ya kufika hotelini. Naomba msomaji asipite. Apande gari la abiria, akae upande wa kulia ili mlima uwe dirishani, na tuifuate barabara hii mpaka mwisho wake.

Akeri, Oktoba 1896

Baada ya Maji ya Chai inafuata Usa River, na juu ya barabara, upande wa mlimani, iko Akeri. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika hapa kutoka Kilimanjaro wakitafuta mahali pa kujenga kituo. Siku chache baadaye waliuawa usiku. Wachaga waliofuatana nao waliuawa pia.

Ili kulielewa tukio hilo ni lazima kukumbuka nani mwingine alikuwa jirani. Kapteni Kurt Johannes, kamanda wa jeshi la Wajerumani huko Moshi, alikuwa katika eneo hilo hilo na askari wake. Kwa wapiganaji wa Kiarusha na Kimeru, mgeni mwenye Biblia na mgeni mwenye bunduki walikuwa wamepitia njia moja, msimu mmoja, na rangi yao ilikuwa moja. Johannes alirudi na kulipiza kwa vita vilivyojirudia kwa miaka. Nyumba zilichomwa, migomba ilikatwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Anayejua maana ya mgomba kwa Mmeru ataelewa uzito wa adhabu hiyo: shamba la migomba huchukua miaka kurudi, na nyumba isiyo na migomba imekosa chakula, kivuli na heshima kwa pamoja.

Tarehe 2 Machi 1900, huko Old Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa huko. Siku hiyo walinyongwa pia viongozi wa Wameru na wa Waarusha. Mlima wote ulinyamazishwa kwa kamba.

Makanisa yalikuja baada ya hapo. Kituo cha Nkoaranga, juu ya Usa River, kilianzishwa mwaka 1902, na cha Ilboru, juu ya mji wa Arusha, mwaka 1904. Leo Ulutheri ni sehemu ya maisha ya Wameru kiasi kwamba kwaya ya Jumapili ni jambo la kila ukoo, na majina ya Ovir na Segebrock yanakumbukwa kanisani. Hilo ni haki yao. Lakini Wachaga waliokufa pamoja nao hatuwataji kwa majina, wala mamia ya watu wa mlimani waliokufa katika kisasi kilichofuata. Kumbukumbu ya Akeri itakuwa kamili siku itakapowabeba wote.

Boma

Kutoka Akeri historia inashuka moja kwa moja hadi mjini. Ujenzi wa Boma la Arusha ulianza mwaka 1899, na mwaka 1900 jengo lilikuwa limesimama. Liliinuliwa na Waarusha na Wameru walioshindwa vita, kwa kazi ya lazima, chini ya kiboko. Kamanda wake wa kwanza, Luteni Georg Küster, aliitwa na wenyeji Bwana Fisi, na jina hilo linatosha kueleza walivyomwona.

Boma liko mwisho wa kaskazini wa barabara inayobeba jina lake. Ukifika, usiingie upesi. Litazame kwanza kama alivyolitazama mtu aliyeitwa kuja kulipa kodi mwaka 1905. Kuta nene zilizopakwa chokaa nyeupe. Lango moja ambalo kila mtu alipaswa kupita akionekana. Uwanja wa ndani uliozungukwa na majengo, ambamo askari waliweza kukusanya watu na kuwalinda kwa bunduki chache. Mpangilio huu ni wa kijeshi tangu mwanzo hadi mwisho. Humo ndimo kodi ya nyumba ilimopokelewa, kesi zikasikilizwa, wafungwa wakafungwa, na vijana wakagawiwa kwenye mashamba ya walowezi.

Kuzunguka Boma ndipo mji ulipoota. Askari na wake zao walihitaji unga, maziwa na ndizi, na wanawake wa Kiarusha walileta. Wafanyabiashara wa Kihindi na Wagiriki wakafungua maduka ya vitambaa, chumvi, waya na sukari. Miji mingi ya Tanzania Bara ilizaliwa hivyo hivyo: ngome kwanza, duka likafuata, soko likaja mwisho, na barabara ikaunganisha vyote vitatu.

Waingereza waliiteka Arusha Machi 1916, nao wakakaa katika Boma lile lile. Dola ilibadilika, lango likabaki. Mwaka 1987 nyumba hii ilifunguliwa kuwa Makumbusho ya Elimu Viumbe, chini ya Makumbusho ya Taifa. Ndani utakuta habari za chimbuko la binadamu: nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka milioni 3.6, na fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Ni hazina ambayo kila mtoto wa Tanzania anastahili kuiona. Hata hivyo namwomba kila mwalimu anayewaleta wanafunzi hapa, na wako wengi wanaotoka shule za Meru, awasimamishe kwanza langoni kwa dakika tano. Awaambie nani alibeba mawe haya. Mtoto wa Kikatiti anayeingia akidhani amekuja kuona mali ya Wajerumani, atoke akijua ameona kazi ya mikono ya wazee wake.

Saa ya mwaka 1945

Kutoka Boma barabara inashuka kusini. Ni fupi, mtu mwenye haraka huimaliza kwa dakika chache. Pande zote mbili kuna ofisi za mashirika ya ndege, mawakala wa safari za mbugani na posta, na wauza picha na shanga wanaomjua mgeni kabla hajafungua mdomo. Mwisho wake, mahali inapokutana na Barabara ya Sokoine, umesimama Mnara wa Saa.

Mnara huu ulijengwa mwaka 1945 kwa msaada wa Galanos, mlowezi wa Kigiriki. Wagiriki walikuwa wengi kaskazini mwa Tanganyika, kwenye mkonge na kahawa, na Arusha iliwajua vizuri. Kwa miaka mingi mgeni wa mjini ameambiwa kuwa hapa ni nusu ya njia kati ya Cape Town na Cairo. Ukipima kwa mstari ulionyooka juu ya ramani ya dunia, Cairo iko kama kilomita 3,760 kutoka hapa na Cape Town kama kilomita 3,890. Kwa hiyo maneno hayo yana ukweli wa kutosha, ingawa barabara halisi zina kona zake. Lakini lililo muhimu zaidi ni kwamba kuna watu waliojali kipimo hicho. Ndoto ya Cecil Rhodes ilikuwa kuunganisha ardhi ya Waingereza kutoka kusini hadi kaskazini mwa Afrika. Tanganyika ya Wajerumani ndiyo iliyokuwa pengo, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia pengo likazibwa. Kwa walowezi wa Arusha, kuishi katikati ya mstari huo kulikuwa fahari.

Sasa tuutazame mwaka wenyewe. Mwaka 1945 vita dhidi ya Hitler vilikuwa vimekwisha. Kilomita chache mashariki ya saa hii, Tengeru, chini ya mlima huu huu, walikuwa wakiishi wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliofika tangu mwaka 1942 baada ya kuhamishwa kwa nguvu makwao na kupelekwa katika kambi za Urusi. Walijenga nyumba za mviringo, shule na kanisa. Makaburi yao yapo Tengeru mpaka leo, yametunzwa vizuri, na Wapolandi husafiri kutoka mbali kuja kuyazuru. Meru iliwapokea watu walionyang'anywa nyumba zao na dola kubwa.

Miaka sita baadaye zamu iliwafikia Wameru wenyewe. Tangu wakati wa Wajerumani mashamba ya walowezi yalikuwa yameuzunguka mlima upande wa chini, yakiwabana wakulima juu na kuwatenga na malisho ya tambarare. Baada ya vita, tume ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza eneo la kaskazini-mashariki ya mlima liachwe kwa ufugaji wa Wazungu. Mnamo Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki. Nyumba zilichomwa, watu wakapakiwa. Mahali walipoelekezwa kuhamia palikuwa King'ori, jirani na Kikatiti.

Watu walikataa kwa njia ambayo dola haikuitazamia. Walichanga fedha, shilingi kwa shilingi, wakamtuma Kirilo Japhet, kijana wa Kimeru, akiwa na mwanasheria Earle Seaton, hadi New York. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa akaeleza yaliyotokea Ngare Nanyuki. Ilikuwa miaka mitatu kabla ya Julius Nyerere kufika mbele ya baraza hilo hilo. Ardhi haikurudi siku ile, lakini Tanganyika nzima ilijifunza kwamba mkulima anaweza kuvuka bahari na kuishtaki serikali ya kikoloni kwa jina.

Ndiyo maana siwezi kuusimulia Mnara wa Saa kama pambo la njia panda. Saa hii ilihesabu dakika za Wapolandi wa Tengeru, za walowezi waliokunywa kahawa jirani, na za familia zilizolala nje King'ori. Zote ni saa za Arusha, na zote zinapaswa kusimuliwa hapo chini yake.

Kwenye kona hiyo hiyo ipo hoteli ambayo kwa muda mrefu iliitwa New Arusha, yenye bustani inayoteremka kuelekea Mto Themi. Wakati wa ukoloni Mwafrika aliingia humo kwa kazi: kupika, kufua, kubeba mizigo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mji uliwapokea waigizaji wa Hollywood wakiongozwa na John Wayne, waliokuja kupiga filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. Sehemu yake ilipigwa Momella, ng'ambo ya mlima, jirani na Ngare Nanyuki. Dunia ikauona Meru kwenye skrini kama nchi ya faru na twiga, bila kuambiwa kwamba miaka kumi tu nyuma watu walikuwa wamefukuzwa kutoka bonde la jirani.

Maduka ambayo hakuna anayeyapiga picha

Mnara wa Saa ukiwa mgongoni, Barabara ya Sokoine inaelekea magharibi. Imepewa jina la Edward Moringe Sokoine, mwana wa Monduli na Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Kwenye barabara hii na mitaa inayochepuka kutoka kwake, kama Mtaa wa India na Goliondoi, ndiko kulikobaki kundi la majengo ninayoyahofia kuliko yote katika sura hii.

Ni maduka. Reli kutoka Tanga na Moshi ilifika Arusha mwaka 1929, na mji ukaanza kupokea mabati, saruji, mashine za kukoboa kahawa na vitambaa kwa mabehewa. Familia za Kihindi zilizokuwa zikiuza ndani ya vibanda zikapata uwezo wa kujenga kwa matofali na zege. Simama mbele ya mojawapo ya maduka hayo, lolote lililobaki, na ulisome polepole. Mbele kuna baraza iliyoezekwa, pana kiasi cha mtu kukwepa mvua ya Machi, na juu ya baraza nguzo zinabeba ghorofa au ukuta wa urembo wenye umbo la ngazi. Milango ni ya mbao, ya kukunja, inayofunguka upana wote ili duka zima lionekane kutoka barabarani. Ndani ni kina kirefu kuliko upana: kaunta mbele, stoo nyuma, kisha ua ambamo familia ilipika na kuanika nguo. Duka, nyumba na ghala vilikuwa chini ya paa moja.

Baraza ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote. Ilikuwa mali ya mwenye duka, lakini iliutumikia mtaa. Fundi cherehani aliweka mashine yake hapo na bado yupo. Muuza magazeti, fundi saa, mama wa chai, wote waliishi kwa kivuli hicho. Mkulima wa Kikatiti aliyeuza kahawa yake alikaa hapo akisubiri suruali ishonwe, akasikia habari za bei, za siasa na za misiba. Ghorofa mpya za vioo zinazojengwa mjini hazina nafasi hiyo: ukuta unashuka hadi lami, mlinzi anakaa mlangoni, na fundi cherehani anasogezwa.

Umiliki wa maduka haya nao una historia ambayo kila mpangaji anapaswa kuijua. Tarehe 22 Aprili 1971 serikali ilitangaza kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Yalikabidhiwa kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Familia nyingi zilizojenga ziliondoka Tanzania; nyingine zilibaki zikiwa wapangaji wa nyumba walizozijenga babu zao. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya katikati ya miji yetu ni mali ya umma. Jambo hilo lina uchungu wake kwa waliopoteza, na pia linatupa wajibu: nyumba ya umma inapobomolewa, umma una haki ya kuulizwa.

Kaloleni, Januari 1967

Mji wa kikoloni uligawanywa kwa rangi. Karibu na Boma palikuwa pa Wazungu, mitaa ya maduka ya Wahindi, na Waafrika walipangiwa upande wa magharibi na kaskazini-magharibi, kama Kaloleni. Hapo Waingereza walijenga ukumbi wa ustawi wa jamii, jengo dogo la chini, lisilo na mnara wala lango la fahari. Nyumba hiyo ndiyo iliyobeba jina la Arusha duniani.

Kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Arusha, na hapo ndipo lilipopitishwa Azimio lililotangazwa rasmi tarehe 5 Februari: ujamaa na kujitegemea, njia kuu za uchumi kuwa mikononi mwa wakulima na wafanyakazi, na miiko ya viongozi iliyowakataza kuwa na mishahara miwili, hisa au nyumba za kupangisha. Vijana walitembea kwa miguu mamia ya kilomita kuunga mkono. Mmoja wao, Seth Benjamin, alifia njiani akielekea Dar es Salaam, na mtaa mmoja wa Arusha unaitwa kwa jina lake.

Ukumbi huo sasa ni Makumbusho ya Azimio la Arusha, yaliyoanzishwa mwaka 1977, Azimio lilipotimiza miaka kumi. Mbele yake, kwenye mzunguko wa magari, umesimama mnara mweupe wenye mwenge juu. Mwenge wa kwanza uliwekwa kileleni Kilimanjaro na Alexander Nyirenda usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961.

Mtu anaweza kulipenda Azimio au kulilaumu. Wazee wa Kikatiti waliopanga foleni ya sukari wana maoni yao, na watoto wao waliosoma bila ada wana yao. Lakini hakuna anayeweza kusema halikutokea, na ukumbi wa Kaloleni ndio unaolizuia kuwa hadithi tu. Ndani yake unaona jinsi chumba kilivyo kidogo. Unaelewa kwamba nchi ya mamilioni ilibadilishwa mwelekeo na watu waliokaa karibu karibu, wakitazamana usoni.

Nyuma ya Boma

Barabara ya Makongoro inakurudisha mashariki, na jirani kabisa na Boma la mwaka 1900 yapo majengo makubwa ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC. Yalijengwa yawe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanza tarehe 1 Desemba 1967. Majengo yake matatu yaliitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, ofisi zikabaki, na mwaka 1978 AICC ikaundwa ili zisikae bure.

Katika majengo hayo, tangu mwaka 1995 hadi mwisho wa mwaka 2015, ilifanya kazi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa komuni ya Taba. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mkataba wa amani wa Rwanda ulitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993, na wa Burundi tarehe 28 Agosti 2000.

Tafadhali liangalie jambo hili kwa makini. Kati ya lango la Boma na milango ya AICC ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kwenye la kwanza, kamanda mmoja alishtaki, akahukumu na kuadhibu watu ambao hawakuwa na wakili wala lugha ya kujitetea. Kwenye la pili, mtuhumiwa wa mauaji makubwa kabisa alipewa wakili, mkalimani na rufaa. Karne moja ya safari ya haki katika Afrika Mashariki inaweza kutembelewa asubuhi moja, na mji mwingine wenye bahati hiyo sijui kama upo.

Sheria inalinda nini

Msomaji anaweza kudhani majengo haya yako salama kwa kuwa ni ya zamani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mstari huo unaikumbatia Kilwa na magofu ya pwani. Mji wa Arusha mzima umejengwa baada yake. Kila jengo nililolitaja katika sura hii, Boma likiwemo, linahitaji tangazo maalumu la waziri au ulinzi wa mwenye mali. Boma na ukumbi wa Kaloleni vina bahati kwa kuwa ni makumbusho. Duka la Mtaa wa India halina mtetezi huyo.

Nchi nyingine zimeweka mstari unaosogea. Uingereza ilianza kuorodhesha majengo ya kihistoria kitaifa kwa sheria ya mwaka 1947. Leo jengo lenye umri wa miaka thelathini tayari linaweza kufikiriwa, na ndiyo maana miji yake midogo ya soko bado ina mitaa mizima ambayo duka la mkate na benki ya kale vimesimama pamoja. Karibu nasi, Zanzibar ina mamlaka maalumu ya Mji Mkongwe tangu mwaka 1985, na mji huo uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata huko ulinzi wa karatasi haukutosha: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al Ajaib iliporomoka na watu wawili wakafa. Jengo la kale hutunzwa kila msimu wa mvua, kwa mabati, saruji na bajeti.

Kwa Arusha hatua ya kwanza haihitaji sheria mpya. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaziruhusu mamlaka za mipango kuyatambua na kuyahifadhi majengo yenye thamani ya kihistoria. Jiji linaweza kuorodhesha maduka yaliyobaki kwenye Barabara ya Sokoine na mitaa yake, likaanza na yale ambayo ni mali ya umma, likaweka sharti kwamba atakayejenga nyuma aiache baraza ya mbele. Mwenye duka anapata ghorofa yake, na fundi cherehani anabaki na kivuli.

Hatua ya pili ni ya Halmashauri ya Meru na vijiji vyake. Akeri, Tengeru, Ngare Nanyuki na King'ori ni sehemu ya historia hii kama Mnara wa Saa ulivyo. Shule za sekondari kuanzia Kikatiti hadi Usa River zinaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuwahoji wazee waliohamishwa mwaka 1951 wakiwa watoto. Aliyekuwa na miaka kumi wakati ule sasa amepita themanini, na muda wa kumsikiliza ni huu. Majina yao, njia walizopita na vitu walivyobeba viandikwe, nakala moja iwekwe kijijini na nyingine ipelekwe Boma, ikae ndani ya kuta ambazo wazee wa wazee wao walilazimishwa kuzijenga. Kazi hiyo inahitaji daftari, kalamu na mwalimu mwenye nia, na inaweza kuanza muhula ujao.